Nukta Iliyoangukia Nje ya Mstari

Ipagala, Dodoma

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kabla sijakusalimu sawasawa nakuomba jambo moja: barua hii usimpe Yona akusomee. Isome mwenyewe, hata kama itakuchukua jioni mbili. Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeacha nafasi kati ya mistari ili macho yako yasichoke. Ile iliyopita Yona aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote kwa sababu sikusema. Hii ni yako kwanza. Ukiimaliza utaamua mwenyewe nani aisikie.

Sasa nakusalimu. Hujambo Mama? Baba na kifua chake wanaelewana? Miguu ya Bibi inaendeleaje? Je, mvua za kwanza zimefika huko, au mmelima tu mnatazama mawingu kama sisi? Hapa hakuna hata tone. Upepo unapeperusha vumbi mpaka ndani ya sufuria lenye kifuniko, na mama mkubwa anakohoa kidogo, lakini anakohoa huku anagomba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Matokeo yetu ya kidato cha nne bado.

Debe la maharage na barua yako nilivipokea stendi kwa kondakta. Maharage hayakumwagika. Barua niliisoma nimesimama palepale, kisha nikakaa juu ya debe nikaisoma tena.

Mama, tangu juzi sifanyi kitu kikawa sawa. Nimevunja kikombe kimoja cha mama mkubwa, na jana nilitia chumvi kwenye chai. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana, kwa sababu kila nikitafuta njia ya taratibu ya kukueleza, siioni. Basi nakuambia moja kwa moja. Ile nukta niliyokuandikia, ile niliyoiita Nyemo, si sayari. Haiizunguki ile nyota. Haijawahi kuizunguka hata siku moja.

Nimeandika haraka ili usikae ukingoja. Sasa nitakueleza jinsi ilivyotokea, maana barua iliyopita niliiandika kwa furaha nikaruka mambo mengi.

Dada Loi alipokuja likizo kwa mama yake, mama mkubwa, hapa, alikuja na kazi yake ya chuo cha ng'ambo. Kazi yenyewe ni kutafuta sayari zinazozunguka nyota za mbali, nyota changa. Anaiita nyota yake kichanga, ingawa ilikuwepo kabla ya mtu wa kwanza. Nilimuuliza kwa nini changa. Akasema sayari ya nyota kongwe imeshapoa, haionekani. Ya nyota changa bado ina joto la kuzaliwa, inatoa mwanga wake kidogo, kama chungu kilichotolewa sasa hivi kwenye moto. Mwanga wa nyota yenyewe wanauziba katikati, kama unavyokinga taa kwa kiganja ili uone aliyekaa nyuma yake. Ndipo wanaangalia pembeni kama kuna nukta.

Nukta ilikuwepo. Ndogo, nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kwa sababu picha zimegeuzwa ili wino usiishe.

Umeme hapa ni wa mgao, na kompyuta yake ya kukunja inazimika kila mara, kwa hiyo tulifanyia kazi kwenye karatasi. Mimi nilikuwa napeleka picha Majengo kutolewa kopi. Hili sikukuandikia: siku ya kwanza yule baba wa mashine aliishika picha akasema, "Binti, karatasi yako ina uchafu hapa," akalamba kidole aifute. Mama, unanijua. Shuleni hata nikitaka kwenda chooni nilikuwa nashindwa kunyoosha mkono. Lakini nilisema "Usifute!" kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, mpaka wauza mahindi wa nje wakageuka.

"Kwani ni nini?" akauliza.

"Ni... ni sayari."

Akaniangalia, akaangalia karatasi, akapangusa kioo cha mashine kwa mkono wa shati. Kopi ikatoka na nukta ileile. "Basi sayari yako nimekutolea mbili," akasema. "Hiyo ya pili ni ofa, umsalimie Mungu."

Sasa jinsi ya kujua njia yake. Dada Loi aliniambia, mbuzi akiwa amefungwa kwenye kigingi, huna haja ya kumwona akizunguka mzunguko mzima. Mwone hapa, kisha pale, kisha kule, na utajua kigingi kiko wapi, kamba ina urefu gani, na atarudi lini alipoanzia. Sayari ni hivyo, ila kamba yake haionekani, na mzunguko wake ni mrefu kiasi kwamba anayeipima leo atakuwa amezikwa, na wajukuu zake pia, kabla haijarudi. Nilishtuka hapo. Nilimuuliza, "Sasa unapima kitu ambacho hutakiona kikimalizika?" Akasema, "Ndiyo maana tunapima vizuri."

Tulikuwa na picha mbili. Tulichukua ubao wa plaiwudi, tukapigilia misumari miwili, tukafunga uzi wa kufumia ukiwa umelegea, nikapitisha penseli ndani ya uzi nikauzungusha. Ukatokea mduara uliobonyea kama yai. Nyota inakaa kwenye msumari mmoja, siyo katikati, na hilo nalo lilinishangaza. Dada Loi alisema kwa nukta mbili tu barabara nyingi zinawezekana, na picha zenyewe zilipigwa karibukaribu mno, kwa hiyo hii ni ya kukisia. Alisema, "Inaelekea." Mimi nikaandika kwako, "Imeonekana." Nimeirudia barua ile kichwani na najua ndivyo nilivyoandika.

Halafu akaniambia, "Mdogo wangu, chuoni inaitwa kwa namba. Hapa nyumbani ipe jina lako." Sikufikiri hata kidogo. Nilisema Nyemo.

Hakujua ni nani, na sikumwambia. Wewe uliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunamenya karanga, kwamba mdogo wangu yule aliyekaa siku chache tu, aliyeondoka kitovu kikiwa bado hakijadondoka na kwa hiyo hakupewa jina mbele za watu, wewe moyoni ulimwita Nyemo. Nilikaa na jina hilo miaka yote. Niliona limepata mahali.

Na ndiyo maana barua yako niliisoma nimekaa juu ya debe. Uliandika kwamba Yona alipofika kwenye lile jina Baba aliinuka akatoka nje. Kwamba alirudi akauliza, "Nyemo ni nani?" na wewe ukamwambia, na yeye akakaa chini akasema, "Kumbe alikuwa na jina." Kwamba tangu siku ile mmekuwa mkimzungumza, na kwamba mkimaliza kula unatoka unatazama upande wa kusini, juu ya milima, ingawa nilikuandikia kwamba haonekani kwa macho. Na mwisho ukaniuliza lile swali: je, hiyo nyota yake haimwachi?

Nilikuwa nimeshaandaa jibu, Mama. Nilitaka kukujibu kwamba haimwachi, kwamba imemshika kwa kamba isiyoonekana na anaizunguka daima. Nililiandika kabisa. Liko kwenye zile karatasi nilizochana.

Kisha ikaja picha ya tatu. Mwalimu wake wa ng'ambo aliituma kwa intaneti, tukaenda kuichapisha mjini asubuhi, na ilipofika saa nne tulikuwa barazani na ubao mezani. Kazi yangu ilikuwa kuiweka picha juu ya ubao, nyota kwenye msumari wake, kisha kutoboa mahali pa nukta kwa sindano. Ninapofanya kazi hii Dada Loi hugeuka akanipa mgongo. Mmoja anapima, mwingine hatazami, kisha mnabadilishana, na hakuna kuambiana mpaka wote wamalize.

Nilitoboa. Nikainua karatasi. Tundu lilikuwa nje ya mstari.

Nikafikiri karatasi imeteleza. Nikairudisha, nikaibana kwa vikombe, nikatoboa tena. Sindano iliingia tundu lilelile.

"Umemaliza?" akauliza bila kugeuka.

"Bado."

"Unafanya nini?"

"Napima tena."

"Dama, umeshapima mara ngapi?"

"Mbili," nikasema. Nilikuwa nimeishika sindano kwa mara ya tatu.

"Mara ya tatu si kupima tena," akasema. "Hiyo ni kuomba."

Tukabadilishana. Niligeuka nikatazama ukuta wa jirani, nikasikia sindano yake ikiingia kwenye ubao, mara moja tu. Nikageuka kabla hajaniruhusu. Alikuwa ameweka rula juu ya matundu yote matatu, la mwanzo, la pili na hili. Rula iliyagusa yote. Yamenyooka, Mama, kama kamba ya fundi anayejenga ukuta.

"Kinachozunguka hupinda," akasema. Alisema taratibu sana, kama anayesoma.

Akachukua penseli akachora mshale. Akasema nyota yake nayo inatembea angani, wanajua inakwenda upande gani na kwa kasi gani, na huu ndio mwendo wake. Mstari wa matundu ulikuwa na urefu uleule, ila umeelekea kinyume.

Tangu nizaliwe nimeona nyota zimekaa mahali pake, kila mwaka zilezile juu ya paa letu, na mtu ananiambia zinatembea kana kwamba ni jambo la kawaida. Nikauliza ina maana gani.

"Ukiwa unatembea kwenda shamba umembeba mtoto mgongoni, mtoto anakwenda nawe, siyo?"

"Ndiyo."

"Na kilima cha mbali nyuma yako?"

"Kinabaki."

"Sasa mtu anakupiga picha, na kila picha anakuweka wewe katikati. Ataona nini?"

Nikafikiri. "Ataona kilima kinarudi nyuma."

"Basi," akasema, akaweka kidole kwenye tundu la tatu, "hiki ni kilima."

Nilichokiona kikitembea, nikakuandikia kwamba anatembea, yu hai, anakwenda, kumbe ni nyota ile iliyokuwa inampita.

Dada Loi hakulia. Alichukua ndoo akaenda bombani, na ndoo yenyewe ilikuwa imejaa. Aliimwaga njiani akaenda kuijaza upya. Ile nukta ndiyo ilikuwa kazi yake aliyotaka kurudi nayo chuoni, na sasa atarudi kueleza kwamba si sayari. Aliporudi mama mkubwa alikuwa ametoka jikoni na mwiko wa mlenda, akauliza kwa nini tumekaa kama tuliofiwa. Dada Loi akamweleza. Mama mkubwa akasikiliza yote, kisha akasema:

"Kwa hiyo umepanda ndege mbili kwenda Ulaya, na ndege mbili kurudi, ili uje uambiwe kwamba nyota ni nyota?"

Dada Loi akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya baraza, na ndipo machozi yakatoka, sijui ya nini. Akaniambia, "Nilikuchagua unisaidie kwa sababu wewe hukuwa na unachokitamani. Mimi natamani, kwa hiyo macho yangu yana upande. Halafu nikakuruhusu uipe jina. Nilikuharibu mwenyewe."

"Na jina mnalitoaje mapema hivyo?" mama mkubwa akadakia, mwiko juu. "Mmesoma mpaka mmesahau kwenu? Mtoto anapewa jina kitovu hakijadondoka? Mliita nani?"

Nikasema kwa sauti ndogo, "Nyemo."

"Nyemo wa nani?"

Ikabidi niseme. Mama, nisamehe, sikuwa na njia. Nilisema ni yule mdogo wangu wa masika yale.

Mama mkubwa aliushusha mwiko. Ulikuwa unadondosha mlenda sakafuni na hakuona. Alikaa kwenye kigoda mpaka ikasikika harufu ya kuungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Kisha akasema, "Nilikuwepo mimi. Sisi wanawake ndio tuliompeleka kumzika." Akasema, "Alikuwa na nywele nyingi, zimelala mpaka kwenye paji la uso. Mama yako hakutaka afunikwe kichwa." Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema anakusalimu, na kwamba siku zote hizi alidhani usingependa kukumbushwa, ndiyo maana hakuwahi kugusia.

Sikujua kwamba na yeye amekaa naye hivyo.

Mchana ule hatukula mlenda, tulikula chumvi na ugali. Baadaye nikamfuata Dada Loi nikamuuliza swali lako, lilelile kama ulivyoliandika. Alitaka kunijibu haraka, kisha akaniomba nimpe muda. Jioni ndipo alipokuja tukakaa.

Basi jibu ni hili, na nimelipima neno kwa neno. Ile nyota si yake. Iko mbele yake, karibu zaidi na sisi, inapita na kwenda zake, na itaendelea kwenda. Lakini haijamwacha, kwa sababu haikuwahi kumbeba. Sisi tuliwaona kwenye mstari mmoja wa macho tukadhani wako pamoja. Yeye yuko mbali mno nyuma, mbali kuliko tulivyofikiri, na ndiyo sababu anaonekana mdogo. Si mdogo. Dada Loi anasema kitu kinachoweza kuonekana kutoka umbali ule lazima kiwe kinawaka chenyewe. Si chungu kinachopoa. Ni jua, Mama. Sisi tulimtafuta kama mtoto wa nyota, kumbe ni nyota kamili, na huenda amekuwa akiwaka tangu zamani kuliko ile tuliyodhani ni mama yake.

Nilimuuliza kama naye ana wanaomzunguka. Akasema hajui. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwangalia kwa ajili yake mwenyewe, kila aliyemwona alikuwa anaangalia kingine. Ningeweza kukuandikia kwamba anao, lakini sitakuambia tena jambo zuri ambalo sijalipima.

Sijui utalipokeaje hili. Kinachonitisha ni Baba. Naogopa atanyamaza tena, na ule mlango mliofungua ujifunge kwa sababu yangu. Ukiona ni vizuri, mwambie. Ukiona jina lirudi kwako, nitalirudisha na sitalitamka tena, maana ni lako, mimi nililitoa bila kukuuliza. Na wale mama wa kwaya uliowaambia, kama watakuuliza, waambie binti yako alikosea, ni mimi na siyo wewe. Mama Yuditi akicheka, mwache acheke.

Dada Loi ana nyota nyingine changa kwenye orodha yake na ameniomba nimsaidie mpaka atakapoondoka. Nimekubali. Mama mkubwa ametoa amri kwamba safari hii hakuna jina mpaka kitovu kidondoke, na Dada Loi ameikubali. Anasema hata chuoni kwao wangefaa kuifuata.

Msalimie sana Baba, mwambie nimemtafutia dawa ya kifua na itakuja na basi la wiki ijayo. Msalimie Bibi na miguu yake yote miwili. Msalimie Yona, mwambie asikasirike kwa kunyimwa barua, anasoma vizuri, ila sauti yake ni kubwa. Msalimie mchungaji na mkewe, na mama wa duka pale njia panda aliyenipa sabuni ya safari. Mama mkubwa na Dada Loi wanawasalimu wote.

Nabaki na salamu zako moyoni mpaka nitakapouona mwandiko wako.

Mimi mwanao anayekupenda,
Damari

Mama, nimesahau kukuambia kuhusu ubao. Dada Loi alitaka tuupige randa tuanze upya, kisha akasema tutafute mwingine. Ule uko nyuma ya mlango wa chumba ninacholala. Lile yai tulilochora nimelifuta kwa ufutio, halikuwa barabara ya mtu yeyote. Matundu yapo. Pembeni ya lile la tatu niliandika jina kwa penseli, dogo sana. Hilo sijalifuta. Nangoja uniambie.